Kichocho cha tumbo: yai la mnyoo hunasa kwenye ini, lakini kovu hujengwa na kinga yetu wenyewe

#1 Hadubini

Wakuu, salaam.

Tukisema kichocho cha tumbo kinaharibu ini, wengi wetu tunapata picha ya mnyoo aliyejichimbia kwenye ini anatafuna. Picha hiyo nimeikuta hata kwa watu waliosomea afya, na inanisumbua, kwa sababu anayeiamini hawezi kuelewa kwa nini mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa, minyoo wakafa wote, bado anaweza kutapika damu miaka mingi baadaye. Naomba tulichambue suala hili taratibu.

Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, akikomaa haishi ndani ya nyama ya ini. Makao yake ni vijishipa vya damu vinavyozunguka utumbo. Dume humkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake, na wawili hao hukaa hivyo kwa miaka. Hujivika protini na mafuta ya mtu wanayeishi ndani yake, kinga ikipita haiwatambui. Madhara wanayoleta wao wenyewe ni madogo.

Tatizo ni mayai. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 300 hivi kwa siku, na ndugu yake wa Asia, Schistosoma japonicum, hutaga mengi zaidi ya hapo. Yai linatakiwa lipenye ukuta wa utumbo, litoke na kinyesi, lifike majini, na lava wake (mtoto wa mnyoo aliyemo ndani ya yai) ampate konokono. Karibu nusu ya mayai hayafiki popote. Damu yote ya utumbo huelekea kwenye ini kupitia mshipa wa lango, kwa hiyo yai lililokosa njia husombwa mpaka kwenye matawi ya mwisho kabisa ya mshipa huo. Lina urefu wa mikromita 140 hivi, na njia za damu zinazofuata mbele yake, zile zinazopita katikati ya seli za ini, upana wake ni mikromita 10 hivi. Linakwama.

Na linapokwama bado liko hai. Lava aliyemo ndani hukomaa kwa siku 6 hivi, kisha huishi wiki kadhaa zaidi, na muda wote huo anatoa protini zinazopenya kwenye vitundu vidogo vya ganda. Mbili zimechunguzwa sana. Ya kwanza ni omega-1, kimeng'enya kinachokatakata RNA. Huingia ndani ya seli za dendriti, ambazo kazi yake ni kuonyesha limfosaiti T, seli nyeupe zinazoongoza kinga, ni adui gani ameingia, na kuzifanya zielekeze limfosaiti hizo upande unaoitwa Th2, yaani mtindo wa kinga unaotumika dhidi ya minyoo. Ya pili, IPSE, hushikamana na kingamwili za IgE zilizo juu ya besofili, aina ya seli nyeupe, nazo besofili humwaga intalukini-4, mojawapo ya protini ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe, ambayo husukuma upande uleule wa Th2. Kwa hiyo yai lenyewe lina mkono katika kuchagua ni aina gani ya kinga italizingira.

Ukiweka kipande chembamba cha ini hilo chini ya hadubini, baada ya kukipaka rangi za kawaida za maabara, hutakosa kuliona. Katikati kuna yai lenye ganda la rangi ya kahawia iliyopauka, na ukibahatika mkato ukapita mahali pake utaona ule mwiba wa ubavuni wa S. mansoni. Kulizunguka kuna makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu, zilizobanana bega kwa bega, nyingine zimeungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Zimechanganyika na seli nyeupe ziitwazo eosinofili, nyingi mno, zenye chembechembe za rangi ya waridi iliyokolea. Limfosaiti zimetapakaa katikati yao. Pembezoni kuna seli ndefu nyembamba za kutengeneza nyuzi, na nyuzi zenyewe za kolajeni zimejipanga tabaka juu ya tabaka. Hiyo ndiyo granuloma, na huwa kubwa mara kadhaa kuliko yai lililoisababisha.

Sasa piga hesabu: minyoo kadhaa, mayai mamia kila siku, miaka na miaka. Granuloma moja ikipona huacha kovu dogo. Makovu maelfu yakifuatana kandokando ya matawi ya mshipa wa lango huwa mikanda minene myeupe. Mwaka 1904 daktari William Symmers, akifanya kazi Misri, alieleza ini lililokatwa likionekana kama limechomekwa vipande vya shina la kiko cha udongo, na mpaka leo kovu la aina hiyo linaitwa kwa jina lake.

Anayeamrisha kovu hilo naye anajulikana. Katika majaribio ya panya, intalukini-13 inayotolewa na limfosaiti za Th2 ndiyo msukumo mkuu. Huziamsha seli zenye umbo la nyota zilizo kwenye ini, ambazo siku za amani kazi yake ni kuhifadhi vitamini A, zikageuka kuwa viwanda vya kolajeni. Panya waliozuiwa intalukini-13 wanapata granuloma, ila kovu linapungua sana.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja na maswali.

#2 Kipanga

Mkuu Hadubini, nimekusoma mpaka mwisho na elimu nimeipata. Ila kuna kitu hakijanikaa sawa. Kama kinga ndiyo inayojenga kovu, kwa nini mgonjwa asipewe dawa za kuituliza kinga, mayai yakae tu hapo bila fujo? Yai lenyewe lingekufa na mambo yakaisha.

#3 Hadubini

Ndugu Kipanga, swali hilo watafiti nao walijiuliza, wakalijaribu kwa panya wasio na limfosaiti T. Matokeo yake ndiyo yaliyonifanya niheshimu granuloma. Panya hao hawakuunda granuloma ya maana, na ini lao halikusalimika. Seli za ini zenyewe zilizokuwa jirani na mayai zilianza kujaa matone ya mafuta na kufa, kwa sababu protini zinazotoka kwenye yai ni sumu kwa seli za ini zisipozuiwa. Omega-1 niliyoitaja juu ni mojawapo ya sumu hizo. Granuloma inaziba sumu ndani. Ukiiondoa, umefungulia sumu.

Kuna panya wengine ambao makrofaji zao zilinyimwa kipokezi cha intalukini-4 na 13, kazi iliyotoka mwaka 2004. Makrofaji hizo hazikuweza kuitikia Th2. Panya walikufa mapema, katika kipindi cha mwanzo cha ugonjwa, panya wa kawaida walioambukizwa wangali wanaishi. Kwa hiyo Th2 ileile inayoleta kovu la muda mrefu ndiyo inayomvusha mgonjwa kwenye wiki za hatari za mwanzo.

La tatu ni la ajabu zaidi. Yai linaihitaji kinga ili litoke mwilini. Seli zinazolizingira kwenye ukuta wa utumbo ndizo zinazolisaidia kupenya kuelekea kwenye kinyesi. Panya waliodhoofishwa kinga hutoa mayai machache kwenye kinyesi. Kwa binadamu dalili kama hiyo ilionekana kwenye utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 1997: watu wenye kichocho waliokuwa na VVU na seli za CD4 chache walitoa mayai machache kuliko wenzao, ingawa minyoo walikuwa nao.

Dawa za kutuliza kinga zina nafasi yake. Katika homa ya Katayama, ile inayompata mtu wiki chache baada ya maambukizi ya kwanza, madaktari hutumia steroidi kwa muda mfupi pamoja na dawa ya minyoo. Hiyo ni kazi ya kupunguza moto wa wiki za mwanzo chini ya uangalizi. Kumtuliza kinga mgonjwa wa miaka mingi ni habari nyingine.

#4 Mama Tatu

Habari zenu wanangu. Mimi si mtaalamu, nimekuja kwa sababu ya jambo lililotukuta nyumbani. Mdogo wangu wa kiume aliamka usiku akatapika damu nyingi. Tumbo lilikuwa limejaa upande wa kushoto kwa muda mrefu. Hospitalini wakapima ini, majibu yakarudi kwamba vipimo viko karibu na kawaida. Watu wakaanza kunong'ona kuwa anakunywa pombe kwa siri. Mdogo wangu hajawahi kugusa pombe. Baadaye daktari mwingine alipompiga ultrasaundi ndipo likatajwa neno kichocho. Naomba mnifafanulie, inawezekanaje ini liwe limeharibika na vipimo vya damu visionyeshe?

#5 MwanaLabu

Pole sana Mama, na pole kwa mdogo wako. Nafanya kazi ya maabara, niruhusu nilijibu hili.

Vipimo vya ini tunavyopima kwenye damu, kama ALT na AST, hupanda pale seli za ini zinapokufa na kumwaga vimeng'enya vyake. Albumini hushuka pale seli hizo zinaposhindwa kazi. Katika kichocho, kovu liko kwenye matawi ya mshipa wa lango, kabla damu haijafika kwenye seli za ini. Seli zenyewe zinaendelea kufanya kazi kwa muda mrefu, na zinapata damu pia kutoka kwenye ateri ya ini. Ndiyo maana karatasi ya majibu inaweza kurudi safi kabisa huku mtu akiwa na ugonjwa mkubwa.

Kinachomwangusha mgonjwa ni shinikizo. Damu ya utumbo na ya bandama inataka kupita kwenye ini, njia imebanwa na makovu, inarudi nyuma. Bandama inavimba, ndiko kujaa kwa upande wa kushoto ulikokuona. Bandama iliyovimba huzishikilia chembe sahani za damu, hivyo kwenye kipimo cha damu nzima utaona zimepungua. Hiyo kwangu ni dalili ambayo haistahili kupitwa. Kisha damu inatafuta njia za pembeni, hasa mishipa iliyo chini ya umio, ambayo ukuta wake ni mwembamba. Mishipa hiyo inatanuka, siku moja inapasuka. Hapo ndipo mtu anatapika damu.

Ini la mlevi au la mwenye homa ya ini aina ya B huwa na makovu yaliyosambaa ndani kwa ndani na seli nyingi zimekufa, kwa hiyo vipimo vyake hubadilika. Ini la kichocho si hivyo, na ultrasaundi ndiyo inayoonyesha ile mikanda kandokando ya mshipa wa lango. Aliyemnong'ona mdogo wako amemwonea. Ila hakikisheni amepimwa na homa ya ini B na C, kwa sababu vikikutana na kichocho ini huharibika haraka zaidi.

#6 Shuwari

Uzi wa nguvu huu. Nami nina la kuuliza. Kwenye vitabu tunaambiwa eosinofili ndizo askari wa minyoo, na Hadubini amesema zimejaa kwenye granuloma. Chembechembe zake zina protini zinazotoboa seli. Si ndizo zinazochoma ini basi?

#7 Hadubini

Shuwari, ukiangalia kwa macho tu utasema ndizo. Kwenye granuloma ya S. mansoni ya panya eosinofili zinaweza kuwa karibu nusu ya seli zote. Lakini mwaka 2006 lilichapishwa jaribio la panya waliotengenezwa wasiwe na eosinofili kabisa, wakaambukizwa kichocho. Granuloma zikajengeka, kovu likajengeka, uharibifu wa ini ukawa karibu uleule. Wingi wa seli mahali pa ugonjwa hauthibitishi kwamba ndizo zenye kosa, na somo hili huwa nawasisitizia sana wanaoanza.

Makrofaji ndizo zenye kesi ngumu kuliko zote. Zikipata intalukini-4 na 13 hugeuka kuwa aina ya pili, zikaanza kutengeneza kimeng'enya cha aginezi-1 kwa wingi. Kwa miaka ilidhaniwa aginezi hiyo ndiyo chanzo cha kovu, maana inazalisha prolini, na prolini ni malighafi ya kolajeni. Dhana ilikuwa nzuri mno. Mwaka 2009 ukatoka utafiti wa panya ambao makrofaji zao peke yake ziliondolewa aginezi-1. Kovu halikupungua. Likazidi, na panya wakafa zaidi. Aginezi ya makrofaji, kumbe, inakula aginini ambayo limfosaiti T zinaihitaji ili ziongezeke, na kwa njia hiyo inazizuia. Makrofaji ileile iliyolaumiwa kwa kovu ilikuwa inalizuia.

Tena si kila panya anaumwa sawa. Wa ukoo wa C57BL/6 wanapata granuloma ndogo kiasi. Wa ukoo wa CBA wanapata kubwa, zinazopakana hadi kuungana. Tofauti yao inakwenda na intalukini-17: kwa CBA mayai yanaamsha sana limfosaiti za Th17, kundi linalotoa intalukini hiyo, na hizo huita nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe. Ukiwachoma C57BL/6 mchanganyiko wa protini za mayai na kiungo cha kuamsha kinga kwa nguvu, nao wanakuwa wagonjwa mahututi, na intalukini-17 inapanda. Granuloma za S. japonicum pia zina nyutrofili nyingi kuliko za S. mansoni, na mayai yake hunasa kwa mafungu, si moja moja.

Kwa binadamu wengi mwili hujizuia wenyewe. Mayai huanza kutagwa wiki ya 5 au ya 6 tangu lava apenye ngozi, mwitikio wa Th2 unapanda, kisha baada ya miezi seli T dhibiti (zile zinazotuliza kinga) na intalukini-10 zinaupunguza, na granuloma mpya zinakuwa ndogo kuliko za mwanzo. Wanaofikia hatua ya bandama kubwa na mishipa ya umio kutanuka ni wachache, kwa kawaida chini ya asilimia 10 ya walioambukizwa. Kwa nini hao? Wingi wa minyoo na miaka ya kuambukizwa upya vina uzito mkubwa. Urithi nao umo. Mwaka 1999 timu ya Alain Dessein, ikichunguza familia nchini Sudani, ilikuta kovu zito la ini likifuatana na sehemu ya kromosomu ya 6 ulipo mmoja wa jeni za kipokezi cha intaferoni-gama. Intaferoni-gama, nayo ni protini ya ujumbe wa kinga, inazizuia seli zinazotengeneza kolajeni. Mtu ambaye kizuizi hicho ni hafifu, mayai yaleyale yanamwachia kovu kubwa zaidi.

#8 Kipanga

Basi nimekubali, kinga haizimwi ovyo. Vipi kuhusu minyoo wengine wa ini? Hesabu ni hiihii?

#9 MwanaLabu

Si hiihii mkuu. Fasciola hepatica, mnyoo bapa anayepatikana kwa kula mimea ya majini mibichi, mtoto wake kweli anatafuna. Hutoboa utumbo, akaingia kwenye ini kupitia ngozi yake ya nje, akasafiri ndani ya nyama ya ini wiki 6 hadi 8 akiyeyusha njia kwa vimeng'enya, kisha ndipo akatulia kwenye mirija ya nyongo. Eosinofili kwenye damu hupanda sana. Hapo uharibifu wa kwanza ni wa mnyoo, kinga inafuatia nyuma kujaza mashimo kwa makovu. Tafadhalini mkumbuke kwamba prazikwanteli, dawa ya kichocho, haimfai huyu, dawa yake ni triklabendazoli.

Opisthorchis viverrini wa Thailand na Laos, na Clonorchis sinensis wa mashariki mwa Asia, hukaa kwenye mirija ya nyongo, wakitokana na samaki mbichi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwaweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, Opisthorchis mwaka 1994 na Clonorchis mwaka 2009. Makrofaji na seli nyingine zinazokusanyika kuzunguka mirija hutoa oksidi ya nitriki na kemikali kali za oksijeni kwa miaka, na hizo zinaumiza DNA ya seli za ukuta wa mirija. Mnyoo naye anatoa granulini, protini inayozihimiza seli hizo zigawanyike. DNA iliyoumizwa na amri ya kugawanyika vikikaa pamoja, saratani ya mirija ya nyongo haiko mbali.

#10 Hadubini

Naongezea mmoja kwa haraka: Echinococcus multilocularis. Huyu lava wake hukua kwenye ini kama uvimbe wa saratani, na anastawi kwa kuituliza kinga, akitumia seli T dhibiti na TGF-beta, protini ya ujumbe inayotuliza kinga. Wagonjwa waliopunguziwa kinga, kwa mfano baada ya kupandikizwa kiungo, ugonjwa huwaendea mbio. Kwa hiyo Kipanga, wazo lako la mwanzo la kutuliza kinga, kwa mnyoo huyu lingekuwa kumsaidia adui.

#11 Mama Tatu

Asanteni sana wanangu, nimeelewa kuliko nilivyowahi kuelezwa. La mwisho: mdogo wangu ameshapewa vidonge vya kichocho. Kovu litaondoka?

#12 Hadubini

Mama, nakujibu kama yalivyo.

Prazikwanteli inaua minyoo waliokomaa. Haiwaui vizuri wachanga, ndiyo maana wakati mwingine daktari hurudia dozi baada ya wiki kadhaa. Minyoo wakifa, utagaji unakoma. Mayai yaliyokwisha kunasa yanakufa yenyewe na granuloma zake zinasinyaa. Kovu la kolajeni linaweza kupungua likiachwa bila mayai mapya, na hilo limeonekana kwa ultrasaundi, zaidi kwa watoto na vijana, na kwa makovu ambayo hayajazeeka. Kwa mtu mzima mwenye mikanda minene ya miaka mingi, mara nyingi sehemu kubwa inabaki.

Ndiyo sababu kampeni za dawa zinawalenga watoto, na tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kuanzia umri wa miaka 2. Kumpa mtoto dawa kila mwaka ni kukatiza mayai kabla kinga haijapata muda wa kuyarundikia makovu.

Kwa mdogo wako, hatari iliyobaki ni ile mishipa ya umio. Vidonge vya minyoo haviigusi. Anahitaji kuangaliwa kwa kamera ya tumbo, na daktari ataamua kama mishipa ifungwe kwa mipira midogo au apewe propranololi ya kupunguza shinikizo, au vyote viwili. Aepuke dawa za maumivu za jamii ya aspirini na diklofenaki mpaka daktari wake aseme vinginevyo. Akiona choo cheusi kama lami, msingoje asubuhi. Na kama bado anaingia kwenye maji yaleyale, minyoo wapya watamrudisha alikotoka.

#13 Mama Tatu

Kamera hajafanyiwa. Kesho naanza kulifuatilia hilo. Choo kama cha lami alikuwa nacho wiki moja kabla ya kutapika, hatukujua maana yake.

#14 MwanaLabu

Mwambieni daktari hilo la choo pia Mama, na siku lilipoanza. Na mwende na ile picha ya ultrasaundi ya kwanza, msiiache nyumbani, ili wailinganishe na watakayopiga sasa.